Miaka Sita ya Kushona Kola

Kabla hajaitwa mama na mtu yeyote, mama yetu alishona kola. Si mashati, kola tu. Mikono ilishonwa na jirani yake wa kulia, vifungo na wa kushoto. Shati zima aliliona mtaani, limevaliwa na mtu asiyemjua.

Mwanzo alikuwa kwa dada yake mkubwa, akilea watoto na kufua, asante hasikii. Kwa hiyo mjomba wake alipomtafutia nafasi kiwandani, alirukaruka kwa furaha. Kumbe ameruka majivu, amekanyaga moto. Msimamizi, ambaye mafundi walimwita Komeo akiwapa kisogo, aliwafungia mlango kwa nje kila asubuhi, eti wasitoroke na vitambaa. Kwenda chooni mpaka uombe. Kuumwa ni uvivu.

Mara mbili alitaka kuacha. Mara mbili mjomba alimwambia, "Mwanangu, nimekuombea nafasi hiyo nimeinamisha kichwa. Unataka kuniaibisha?" Akarudi kitini.

Mwaka wa nne, mtu alisahau pasi juu ya rundo la vitambaa. Moshi ukatanda. Wanawake ishirini na wawili wakaugonga mlango kwa ngumi. Komeo alikuwa ametoka kunywa chai, funguo ziko mfukoni mwake. Mama akanyakua pasi nyingine, akaivurumisha dirishani. Wakatoka mmoja mmoja, magauni yakichanika.

"Nani kavunja kioo?" Komeo aliuliza alipowakuta uani wakikohoa.

"Mimi," mama akasema. "Ulitaka utukute tumeiva?"

Wenzake walicheka huku wanalia.

Jumatatu walikuta dirisha limewekwa nondo. Mjomba alikuwa ameshakwenda kumwombea msamaha, bila kumuuliza. Akakaa miaka miwili mingine. Katikati yake akaolewa, na hata kwa harusi alipewa ruhusa ya siku moja tu.

Kilichomtoa ni mimi. Wajawazito hawakutakiwa pale. Tumbo lilipoonekana, Komeo alimfungulia mlango yeye mwenyewe.

Nilimuuliza kama alifurahi.

"Nilikaa kwenye ngazi," alisema. "Saa nne asubuhi, jua kali, watu wanakwenda na hamsini zao. Miaka sita sikuwahi kuwa nje saa hiyo. Sikujua mtu anaelekea wapi saa nne asubuhi. Nikakaa hapohapo mpaka wenzangu walipotoka jioni."