Bampa ya Tutafika Tu

Juzi nilipita Katito, pale njia panda ya kwenda Kendu Bay, nikaagiza chai na kutaka kukaa kwenye benchi la chuma nje ya kibanda. Kabla sijakaa nikaona rangi ya njano iliyobaki juu ya kutu. T, kisha U, kisha mahali palipobanduka. Sikuhitaji kusoma zaidi. Rafiki yangu, nilisimama na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Ilikuwa bampa ya nyuma ya pikapu ya baba mdogo, na mchana mmoja nilipokuwa mtoto ilituaminisha kwamba mama yangu amekufa.

Huenda wewe hukukulia kando ya barabara kama mimi. Pikapu za kubeba samaki zilikuwa karibu zote nyeupe na za aina moja, na nambari za usajili hakuna aliyezishika kichwani. Gari tulilijua kwa mgongo wake, kwa maneno yaliyoandikwa kwenye bampa. Kulikuwa na Nuna Ukiwa Kwako, na Usipige Honi Dereva Amelala, na Hata Mama Mkwe Anajua. Dereva naye aliitwa hivyo hivyo. Ungesikia mtu akisema Nuna Ukiwa Kwako amepata mtoto wa tatu, na hakuna aliyecheka. Herufi nilizijua barabarani kabla ya darasani, na mwalimu aliponichoka nilirudi huko huko barabarani.

Ya baba mdogo iliandikwa Tutafika Tu. Iliharibika kila mara, kwa hiyo wanawake wa soko walimsalimu kwa kumuuliza kama leo atafika kabla ya Krismasi.

Ilikuwa msimu wa mvua ndefu. Nyanya yangu aliuza omena, dagaa wa ziwani, pale njia panda, na kazi yangu ilikuwa kuzipepeta kwenye ungo, nikitoa changarawe na makombe madogo, mpaka harufu yake ikaganda kwenye nywele. Asubuhi ile mama alikuwa amepanda pikapu ya baba mdogo kupeleka magunia Kisumu. Walitarajiwa kurudi mchana. Mchana ukafika, wao hawakufika, na magari yaliyotoka upande wa Ahero yalikuja machache, yamejaa tope hadi kwenye milango.

Kwetu ilikuwa desturi kusimamisha gari na kuuliza habari za gari lingine kwa maandishi yake. Nyanya alisimama barabarani na leso yake imelowa.

“Umeona Tutafika Tu?”

“Bado, Mama. Mto imevunja kingo. Maji imejaa Ahero yote.”

Likaja jingine, na jingine, jibu likawa lile lile. Kisha akaja Nuna Ukiwa Kwako. Huyu hakuwahi kupita bila kumtania nyanya kwamba omena zake zimekonda kuliko yeye. Siku hiyo alizima gari, akashuka, akavua kofia. Nilipoona kofia mkononi, ungo ulinitoka.

“Mama, nimeiona. Imelala chini ya barabara, karibu na daraja. Imezama kichwa. Ni bampa tu inaonekana.”

“Na watu?”

“Sijaona watu, Mama.”

Jirani yetu muuza mboga alishika kichwa kwa mikono miwili na kuvuta pumzi. Nyanya alimuwahi, akamziba mdomo kwa kiganja kilichojaa magamba. Kwetu nduru ikipigwa kijiji kizima kinakuja, na kumlilia aliye hai ni kumwitia mabaya.

“Usinililie mtu mbele ya macho yangu,” alisema. “Mimi sijaona mwili.”

Akarudi kwenye kiti chake, akaanza kupima omena kwa mkebe, akizitia guniani, akizimwaga, akizipima tena. Hakuna aliyekuwa akinunua. Nilikaa miguuni pake na kusikiliza mkebe ule.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama ikaja pikapu nyeupe. Sote tuligeuka kuitazama nyuma ilipotupita. Nyuma palikuwa patupu, pana matundu ya bolti tu.

“Si wao,” nyanya akasema, akainamia mkebe wake.

Pikapu ikasimama mbele kidogo. Mlango ukafunguka, akashuka mwanamke mwenye tope hadi magotini, viatu mkononi. Alikuwa mama. Baba mdogo alishuka upande wa pili akilalamika.

“Kwani nimekuwa mgeni? Mnaniangalia tu hivi?”

Fundi wa kuchomelea kule Kisumu alikuwa ameitoa bampa ili ainyooshe, na kwa haraka akaifunga kwenye pikapu ya mtu mwingine, iliyofanana na yetu kabisa. Baba mdogo aligombana naye hadi saa zikapita, na walipofika Ahero ilibidi trekta ya mashamba ya mpunga iwavushe majini. Nyanya alimshika mama mabega, uso, masikio. Ndipo akauliza kile ambacho sisi hatukukiwaza.

“Na yule aliye ndani ya maji, ni nani anamngoja?”

Mwenye pikapu ile iliyozama alikuja siku chache baadaye, bampa yetu imefungwa kwa kamba juu ya gari lililomleta. Alikuwa mtu wa Port Victoria, mpole, aliyekwenda Ahero kununua mchele. Alikuwa ametoka dirishani na kushikilia mti mpaka watu wa mtumbwi walipomchukua.

“Nyumbani mke wangu aliuliza kila gari kwa maandishi yangu, na hayo yalibaki kwa fundi,” alisema akila samaki wa nyanya. “Wote walimwambia hawajaiona mahali. Akapika, akalala. Mimi niko kwa mti, Mama, na hakuna mtu ananitafuta.”

Nyanya alimwongezea ugali. Hadi anazeeka, mtu yule hakupita Katito bila kusimama.

Nyanya hayupo tena. Pikapu iliuzwa vipande. Siku hizi magari hubandikwa stika za kununuliwa, maneno yale yale kwa kila gari, na zikipata jua zinabanduka. Habari za wasafiri zinaulizwa kwa simu. Muuza chai hakujua benchi lake lilitoka wapi, nami sikumweleza. Nilimaliza chai nikiwa nimesimama, nikavuka kuomba lifti ya kwenda Kisii. Nimezunguka mbali tangu utoto ule, na nilipogeuka kutazama njia panda, pale kiti cha nyanya kilipokuwa pameegeshwa bodaboda. Hakuna aliyesimama barabarani kuuliza kama nimeonekana.