Neno "Pare" Bandarini Genova

Kijana aliposema "pare" tena, nilimfungua mwanangu mgongoni, nikamkalisha juu ya begi, nikamsogelea. Nikamwambia kwa Kiswahili, maana hasira yangu haina lugha nyingine: "Ndiyo, mimi ni Mpare. Umeniambia tangu asubuhi. Sasa nionyeshe mume wangu yuko wapi."

Alikuwa mtumishi wa bandari, kizibao cha rangi ya machungwa, redio ya upepo kiunoni, umri kama wa mdogo wangu wa mwisho. Akarudi nyuma hatua, akanyoosha mkono kule kule alikokwisha kunielekeza, akasema taratibu kama anaongea na kiziwi: "Pare di là."

Nieleze nilifikaje pale. Dada yangu anatunza bibi kizee mmoja kisiwani Sardinia, Italia. Ndiye aliyetualika mimi na mtoto tutoke Same tukakae kwake kidogo. Mume wangu ni baharia wa meli ya mizigo. Aliondoka mimba haijaonekana, akaunganisha mkataba juu ya mkataba, na sasa mtoto ameota meno bila baba yake kumshika hata siku moja. Tukiwa kwa dada, akapiga simu: meli yao itaingia Genova, ataruhusiwa kutoka mpaka getini asubuhi, mchana wanaondoka. Dada asingeweza kumwacha bibi yake. Akanipandisha kwenye feri peke yangu.

"Ukifika uliza watu wa bandari," alisema. "Si ndiyo kazi yao?"

Kabla ya hapo chombo pekee nilichowahi kupanda ni mtumbwi wa bwawa la Nyumba ya Mungu, nilipokwenda na mama kununua samaki. Feri hii ilikuwa na magari tumboni na duka la manukato. Nilitoka chooni nikapotea, nikalala kwenye kiti cha mtu mwingine, na mwenyewe hakusema kitu.

Asubuhi mji ukatokea. Nyumba zimepanda mlima mpaka juu, moja kichwani mwa nyingine, kana kwamba umechukua Kighare yote, kule kwetu milimani, ukang'oa migomba ukapanda maghorofa. Makanisa ya kale, mnara wa taa, majumba yenye picha zilizochorwa ukutani. Abiria wakapiga picha. Mimi nilitafuta meli. Mume wangu alikuwa ameniambia, "Utaona kreni, nipo hapo." Kreni zilikuwa kila upande.

Nikamwonyesha yule kijana jina la meli kwenye simu. Akasema pare. Nikauliza kwa kidole, huku au kule? Pare. Akamwita mwenzake, wakashauriana, na katikati ya maneno yao pare, pare. Nikadhani wamesoma pasipoti yangu, lakini pasipoti imeandikwa Same, haina Pare. Kutaniwa nimezoea. Mume wangu ni Mchaga, kila siku ananiambia Mpare bahili, Mpare na kesi, na mimi namrudishia yake. Hawa utani wetu wameupata wapi?

Nikaenda walikonielekeza. Nikaingia kwenye vichochoro vyembamba mpaka mtoto akawa anagusa ukuta, nikatokea mahali watu wanakula aiskrimu wakitazama boti za matajiri. Hakuna meli ya mizigo. Nikarudi, na hapo ndipo aliponiambia tena pare.

Dada, ambaye asubuhi humwogesha bibi yake na hapokei simu, akapiga wakati huo huo.

"Wananiita Mpare," nilimwambia.

Akacheka mpaka nikataka kukata.

"Mdogo wangu, pare kwa Kitaliano ni 'inaonekana'. Ni 'nadhani hivyo'. Hebu mpe simu."

Waliongea. Kijana akanirudishia simu akitazama chini.

"Hajui," dada alisema. Sasa hakuwa anacheka. "Yeye ni wa kupanga magari ya feri. Meli za mizigo ziko upande mwingine kabisa. Panda teksi."

Kichwa kikazidi kuvurugika. Nilikuwa nimejipanga kugombana na mtu anayenitania, kumbe huyo mtu hayupo. Afadhali angenitania. Nimebeba mtoto asubuhi nzima nikifuata "nadhani".

Teksi ikanishusha kwenye geti la meli za mizigo, mlinzi akatikisa kichwa. Mabaharia walisharudi melini. Simu ikaita, mume wangu, kutoka melini.

"Wewe ndiye mwenye kitenge cha kijani?"

"Ni mimi. Unatuona?"

"Nawaona. Mnyanyue kidogo."

Nikamnyanyua. Mtoto alikuwa anaangalia njiwa.

"Nimesimama hapo getini mpaka nikaitwa," alisema. "Mlikuwa wapi, mama?"

Nikamwambia. Akajaribu kucheka. "Basi najua. Sasa hivi unakwenda kufungua kesi."

"Nakwenda."

Nilirudi kwenye ofisi ya abiria wa feri. Mama wa dirishani alinipa karatasi, na dada akamweleza kwa simu kwamba tafsiri atatuma yeye. Niliandika kwa Kiswahili, nikaacha nafasi ya anuani kama tulivyofundishwa shuleni:

YAH: KUELEKEZWA NJIA NA MTU ASIYEIJUA

Mimi ni abiria wa feri ya leo asubuhi, mkazi wa Same, Tanzania. Mtumishi wenu wa sehemu ya magari alinielekeza mahali asipopajua. Hakunitukana, na sidai kwamba alinitukana. Alikuwa na redio ya kuwauliza wenzake na hakuiwasha. Kwa sababu hiyo mwanangu hakushikwa na baba yake, na sijui watakutana lini. Naomba watumishi wenu, wasipojua, waseme hawajui. Naomba nijibiwe kwa maandishi.