Kikombe Nisichokionja

Niliishia darasa la sita, kwa hiyo sijui kama nina haki ya kuandika juu ya maana ya neno. Lakini neno lenyewe linanisumbua tangu Jumapili.

Neno ni kuanza tena. Kule Gisenyi nilikoolewa liko kila mahali. Kwaya ikiharibu ubeti wa kwanza, kiongozi anapiga makofi: "Tuanze tena." Mama aliyemwaga nyanya pale mpakani na Kongo anaziokota, anazipangusa kwa kitenge: "Bon, tunaanza tena." Ardhi ilipotetemeka na ukuta wa jirani yetu wa Mbugangari ukapasuka, alisema hivyo hivyo huku akikoroga saruji. Kwa hao wote maana ni moja: unarudi pale palipoharibika, unashika kazi. Kiongozi wa kwaya harukii ubeti wa tatu.

Mume wangu yeye alitaka kuruka.

Nitaje kwanza mazuri yake, sitaki kuandika uongo. Hakunipiga hata siku moja. Mama yangu alipougua, alimletea dawa kutoka Goma bila kuombwa. Lakini mwaka jana tumbo lilimuuma wiki nzima, na dada yake akamwambia kwamba mimi namtilia kitu kwenye chakula. Hospitali walisema ni vidonda vya tumbo. Alimeza dawa za hospitali, na maneno ya dada yake akayameza vilevile.

Akaanza kula kwa dada yake. Siku moja tulikuwa na wageni. Nikampakulia viazi na maharage, akaisukuma sahani kwa kidole. "Hii kula we mwenyewe."

Wageni wote wakaweka vijiko chini. Wakati ule nilikuwa nauza maandazi mlangoni petu. Kesho yake hakuna aliyenunua hata moja. Watoto walikuwa wanavuka upande wa pili wa njia. Nikafunga nguo zangu, nikarudi kwetu Bugeshi, kwenye baridi na viazi.

Jumapili akaja kunichukua, jinsi inavyofanyika huku mke akiwa amerudi kwao: mume anakuja na mkubwa wake na kreti za bia, wanaomba. Alikuja na baba yake mdogo. Kwetu walikuwepo baba, mama, shangazi na majirani kadhaa. Baba alikuwa ameniambia asubuhi, "Jibu ni lako." Na kusema kweli sikuwa na jibu. Kitanda cha peke yangu nilikuwa nimekichoka.

Baba mdogo akasimama. "Wakwe zetu, hatuna maneno mingi. Kijana iko hapa. Ya nyuma ni ya nyuma. Anataka waanze tena."

"Mi nimekuja tuanze tena," mume wangu akasema, akitazama viatu vyake.

Shangazi akauliza, "Muanze wapi? Kwa supu ao kwa chai?"

Watu wakacheka, hata baba mdogo.

Kwetu anayempa mtu kinywaji anaonja kwanza funda moja, aonyeshe ni safi, ndipo anampa. Hakuna tusi ndani yake. Mama anamwonjea hata padri. Nami tangu walipotuma habari kwamba wanakuja, nilikuwa nimemwomba mama pombe yake ya mtama niimimine mimi. Sikuomba kwa wema.

Nikamimina kikombe cha baba mdogo, nikaonja, nikampa. Akanywa. Nikamimina cha mume wangu kutoka kidumu kile kile. Nikampa kwa mikono miwili bila kuonja.

"Hujaonja," akanong'ona.

"Sijaonja."

"Onja kidogo tu, mama. Ni desturi."

"Desturi naijua, na baba mdogo nimemwonjea. We utaanza pale uliposukuma sahani."

Baba mdogo akasema kwa sauti, "Kunywa, we! Mi nimekunywa, nimekufa?"

Akakiinua. Povu likagusa mdomo wake. Naandika ukweli: wakati huo moyo wangu ulimwombea anywe. Angekunywa, ningeenda naye jioni ile ile.

Akakiweka chini. "Ni tumbo. Daktari alinikataza pombe."

Inawezekana ni kweli, wenye vidonda hukatazwa. Lakini chini ya kiti chake kulikuwa na chupa ya bia iliyofika nusu. Nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa ya mtu mwingine. Hapana, nilimwona akiifungua.

Nikachukua kile kikombe, nikakinywa chote polepole, macho yangu kwenye macho yake. Nikafuta mdomo.

"Nimejibu, baba," nikasema.

Baba akawaambia kreti zao zirudi nao. Pengine haikuwa haki. Pengine nilimtega, na mtu aliyetegwa huogopa hata maji. Nimelifikiria hilo siku zote hizi na bado sijalimaliza.

Ila baba mdogo, kofia ikiwa kichwani tayari, alinisogezea kikombe chake. "Niongezee, binti yangu. Njia ya kushuka ni ndefu."

Nikamimina, nikakipeleka mdomoni nionje.

"Usionje," akasema.

Akakinywa chote akiwa amesimama, mbele ya mtoto wa kaka yake, mbele ya majirani. Kisha akatoka mikono mitupu, akamwacha yule abebe kreti peke yake kwenye mteremko. Nikakaa mlangoni nikimtazama mume wangu na kreti zake mpaka alipokata kona. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.