Tata Alipoitikia Yowe Mjini

Baba yangu, Rubeni Matiko, hakuwahi kusikia yowe akabaki ameketi. Kule Itiryo alikozaliwa na kufuga, yowe likipigwa mtu huacha chakula, huacha hata msiba, akakimbia. Ng'ombe wa mtu wameibwa. Anayebaki nyumbani hutozwa faini na ukoo, na baba hakutozwa hata mara moja. Ujanani alikimbia na upinde. Alipobatizwa katika kanisa letu la Mennonite aliuchoma ule upinde, ila mbio hakuziacha. "Yesu amenikataza kuua," alisema, "hajanikataza kwenda." Alifuata nyayo za ng'ombe wa watu mpaka ng'ambo, Kenya, akarudi miguu imevimba, mama akimkanda kwa maji ya chumvi huku akimsema.

Mwaka jana, wakati wa mvua, alikuja kwangu Tarime mjini kung'olewa jino. Asubuhi ile nilikuwa kwenye cherehani barazani, yeye anakunywa uji upande mmoja wa mdomo. Mji ulikuwa na minong'ono. Jana yake jioni kijana wa bodaboda aitwaye Okinyi alikuwa amebebwa kijiweni na watu waliokuja na gari lisilo na namba. Mama yake alizunguka usiku kucha akiuliza, na kila mahali aliambiwa hayupo. Wenzake walikuwa wamepanga kuandamana. Mimi nilishaamua kufunga mlango.

Ndipo yowe likapigwa. Sauti ya mwanamke, ndefu, kisha wanaume wakaipokea mtaa kwa mtaa.

Baba akaweka kikombe chini. "Ng'ombe wa nani?"

"Tata, hapa mjini hakuna ng'ombe. Ni maandamano."

"Nimesikia yowe."

"Ni vijana wanawaita watu."

"Na mimi ni mtu," akasema, akiwa ameshavaa ndala zake za tairi na kushika fimbo.

Nilimwachia jirani mwanangu anayenyonya, nikamfuata baba. Nilitaka jambo moja tu, kumrudisha baba salama, maana mama alinikabidhi.

Uwanja ulio jirani na stendi ulikuwa umejaa. Vijana walishika matawi ya miti, wengine mabango yenye jina la Okinyi, na pikipiki zilipiga honi mpaka kifua kikatetemeka. Lakini kilichonitisha hakikuwa kelele. Wamama wa mihogo walikuwa wanakusanya masinia kimya kimya, mmoja baada ya mwingine. Maduka yalishushwa milango. Upande wa pili wa barabara magari yalikuwa yamepangwa, na wanaume waliosimama mbele yake walitutazama.

"Mzee, shikamoo!" kijana mmoja akapaza sauti. "Ng'ombe wako hawajapita hapa!"

Wenzake wakacheka.

"Marahaba, mura. Nani kakwambia natafuta wangu? Mwenye yowe ni nani?"

"Sisi sote!"

"Yowe lina mwenyewe."

Kijana akaacha kucheka, akaonyesha kwa tawi. "Mama Okinyi, yule pale. Ila ni Mjaluo, mzee."

"Mbona nimemsikia vizuri tu?"

Kipaza sauti kikatangaza kwamba mkusanyiko si halali, watu watawanyike. Umati ukajibu kwa wimbo. Nikamvuta baba mkono. Ilikuwa kama kuvuta mti. Alipenya mpaka kwa mama yule, aliyeketi chini kwenye udongo mbichi, kanga imemwanguka kichwani. Aliitwa Dorka. Baba akachuchumaa mbele yake kama anavyochuchumaa mbele ya mtu aliyepotelewa na mifugo.

"Mama, wanaimba tu. Kuna aliyekwenda kufuata?"

Dorka alimtazama kana kwamba hakuna mtu aliyesema naye tangu jana. "Hakuna."

"Nyayo zimeanzia wapi?"

Walitoka uwanjani, nami nyuma yao. Hatukufika mbali tukasikia milipuko, kisha miguu ya watu wengi ikikimbia, kisha harufu iliyowasha macho. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Niliamini hatari tumeiacha kule.

Kijiweni, kwenye njia ya udongo, matope yalikuwa yameshika alama za matairi, na tairi moja la nyuma lilikuwa kipara, halina meno. Baba akaifuata alama hiyo. Kila kitongoji alichofikia alisimama akapiga hodi, kama desturi inavyotaka, maana kijiji kinachoingiwa na nyayo lazima kionyeshe zilikotokezea.

"Gari limeingia kwenu. Tuonyesheni lilikopita."

Wanaume waliingia ndani. Milango ikafungwa. Bibi mmoja tu alibaki uani, akanyoosha kidevu kuelekea mashamba ya mahindi, kisha naye akaingia, akafunga.

"Tata, turudi," nikasema. "Nakuomba. Hawa watu wanaogopa, na wanajua wanachoogopa."

"Wewe rudi, Rhobi. Mtoto wako ana njaa."

"Na wewe?"

"Mwenye yowe hajaniruhusu."

Nikamgeukia Dorka, sikuona aibu. Alinielewa kabla sijafungua mdomo. Akajifuta uso, akasema, "Mzee, umefanya ya kutosha. Nimekuruhusu. Nenda na binti yako."

Nilidhani yamekwisha. Baba akacheka, ule mcheko wa upande mmoja, jino likimuuma.

"Umesema hivyo kwa kumwonea huruma huyu. Nikikuacha utarudi?"

Dorka akageuza macho kuelekea mahindi.

"Basi ruhusa hiyo siipokei."

Akanibariki kwa Kikurya, mkono juu ya kichwa, akaendelea na njia. Nikageuka. Maziwa yalikuwa yameanza kulowesha gauni langu.

Sikuwa nimefika mbali gari liliponipita, taratibu, likielekea walikokwenda. Vioo vyeusi. Nyuma hakuna namba. Nilitazama chini penye matope. Alama moja haikuwa na meno.

Nilikimbia nikipiga yowe, yowe la kwetu, kwa nguvu zote Mungu alizonipa. Hakuna mlango uliofunguka.

Dorka nilimkuta ndani ya mahindi, amelala kifudifudi. Alisema baba alisikia injini kabla yake, akamsukuma shambani, akamwambia asitoke hata akiitwa jina. Yeye akabaki katikati ya njia. Dorka alimsikia akiwasalimia. Alisikia mlango wa gari. Basi.

Kesho yake baba mdogo Mogesi alikuja kutoka Itiryo na wanaume waliojaa lori. Walifuata tairi lile kipara kutoka kwenye mahindi, wakapita vitongoji ambako hakuna aliyewajibu, mpaka njia ya udongo ilipokutana na lami iendayo Musoma. Pale alama ikaisha. Walitawanyika pembeni, huku na huku, wakitafuta ilikotokezea. Mogesi aliinama akapapasa lami kwa kiganja, kama mtu anayetafuta joto la mwili. Kisha akavua kofia.

"Tuombe," akasema.

Tuliomba palepale, wote kwa pamoja, kila mtu kwa maneno yake, Dorka kwa Kijaluo, sisi kwa Kikurya, hatujui tuombe arudi au tuombe apumzike. Basi la Mwanza likatupigia honi tutoke njiani. Mogesi hakufumbua macho.