Kiti Chekundu cha Wateja

Mke wa mwanangu alikuwa na tabia moja iliyoninyima raha. Akirudi kazini jioni anaweka mkoba juu ya friji, ananiamkia, halafu anaingia bafuni na kufunga komeo. Anakaa humo. Maji hayamwagiki, kata haigongi ndoo, hakuna hata kikohozi. Akitoka, uso mkavu, miguu mikavu, kama mtu aliyetoka kusubiri gari.

Mimi si mtu wa kuchunguza watu. Lakini bafu ni la nyumba yangu, na mtu akifanya jambo lisiloeleweka ndani ya nyumba yangu nina haki ya kulielewa. Kwanza nikadhani ana mimba, anaificha. Halafu nikadhani ni simu, kuna mtu ananong'ona naye. Nikapita karibu na mlango nikijifanya natafuta fagio, nikatega sikio. Hakuna mnong'ono. Mwanangu, ambaye ni fundi wa friji, nilipomuuliza alisema, "Mama, mwache mtu ajisaidie."

"Kujisaidia gani huko kusiko na tone la maji?"

Akacheka akaenda zake. Huyo hata paa likihama hatauliza limekwenda wapi.

Basi jioni moja nikagonga. "Wewe mtoto, unafanya nini humo?"

"Nimekaa, mama."

"Umekaa juu ya nini?"

"Juu ya ndoo."

Nikamwambia afungue. Kweli bwana, ndoo ameipindua, ameikalia, mgongo ameuegemeza ukutani, viatu amevivua. Na sebuleni makochi yapo, yana vitambaa nilivyofuma kwa mkono wangu mwenyewe!

"Makochi yangu yana kunguni?"

Akacheka, halafu akaona haya. "Nimezoea, mama. Kazini tunapumzikia chooni. Sasa nikikaa mahali pengine naona kama mtu atanifokea."

Nikamwambia atoke aje anieleze vizuri, maana hilo sikuwahi kulisikia tangu nizaliwe.

Anauza viatu, kwenye lile duka kubwa lenye vioo. Linafunguliwa asubuhi na kufungwa taa za barabarani zikishawaka, na muda wote huo wauzaji wanasimama, au wanachuchumaa mbele ya miguu ya watu. Viti vipo, vyekundu, vya kubonyea, vimepangwa mstari mzima. Ni vya wateja. Muuzaji asivikalie hata kwa bahati mbaya. Msimamizi wao akiona goti limekunjwa tu anapiga kelele, "Simama!" mpaka wakambatiza Bwana Simama. Chakula wanakila nyuma ya rafu, tonge moja, mbio, tonge la pili limeshapoa. Kwa hiyo miguu ikigoma mtu anasema anakwenda chooni, anapindua ndoo ya kudekia, anakaa kidogo. Sasa Bwana Simama ameshalijua hilo. Ufunguo wa choo anautundika kiunoni mwake, na mkwe wangu ameonywa: akikutwa amekaa tena, asirudi.

"Na miguu yako?" niliuliza. Vifundo vilikuwa vimeumuka kama unga uliotiwa hamira.

"Ndiyo hiyo unayoiona. Daktari anasema nisipoipumzisha itaniangusha. Na kazi nikiiacha, mama, unajua nilivyoitafuta."

"Kwani hakuna sheria?"

"Ipo. Mtu wa saa nyingi kama sisi anatakiwa apewe muda wa kupumzika. Bwana Simama anasema tunapumzika wateja wakikosekana."

"Wakikosekana mnakaa?"

"Tunapanga viatu."

Hapo udadisi ukanipanda kichwani. Kesho yake nikavaa gauni langu la kwendea harusini, nikaenda kuona kwa macho yangu. Duka linanukia ngozi mpya na gundi. Vioo vyao ni vya chini chini, mtu anajiona miguu tu. Mkwe aliponiona macho yakamtoka, nami nikajifanya simjui. Bwana Simama, mwembamba, funguo kiunoni, akaja mwenyewe. "Karibu bibi, kaa, kaa!" Nikakaa. Kiti kitamu, sikatai.

Mkwe akachuchumaa mbele yangu. Nikavuta mguu.

"Viatu si vyangu," nikamwambia msimamizi. "Ni vya mke wa mwanangu. Mguu wake ni huu huu wa binti huyu. Avijaribu yeye."

"Sawa, avae atembee."

"Kiatu kinavaliwa mtu amekaa. Wewe vyako asubuhi ulivivaa unaning'inia?"

Dada wa kaunta akakohoa, kikohozi chenye meno nje. "Haya, kaa," Bwana Simama akamwambia mkwe, naye akakaa kando yangu.

Jozi ya kwanza nikasema rangi inaniumiza macho. Ya pili kisigino kirefu, mkwe wangu si twiga. Ya tatu nikataka ile ya rafu ya juu kabisa, na ngazi akaipanda Bwana Simama mwenyewe, anashuka na boksi, namrudisha. Sikununua kitu. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikasubiri kushukuriwa.

Akaja amenuna. "Mama, leo nimekaa. Na kesho?"

"Kesho namtuma jirani. Naye ana miguu."

"Nimechoka kukaa kwa kuiba. Chooni niliiba, leo umeniibia wewe. Nataka kukaa watu wakiona."

Nikaenda jikoni kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Yaliyofuata sikuyaona. Alinihadithia dada wa kaunta, na huyo akihadithia hata mikono inasema. Kesho yake mchana mwenye duka alipofika kukagua, wateja wamejaa, mkwe wangu alikwenda kwenye kiti chekundu akakaa. Bwana Simama akapiga yowe lake. Mkwe akasema, "Nitasimama nikimaliza kupumzika. Sheria inanipa. Tutapokezana, duka halitabaki tupu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze hivi hivi nimekaa."

Na wenzake waliokubaliana naye asubuhi, hakuna aliyekaa. Wakaangalia viatu.

Mwenye duka akamgeukia msimamizi. "Kwani huwa wanapumzika saa ngapi?"

Bwana Simama akashika funguo zake.

"Nakuuliza. Na wapi?"

"Chooni," akasema dada wa kaunta. Alisema bila kukusudia, anadai, ila mimi namfahamu yule.

"Chooni?" Mama mmoja mteja, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akarudia kwa sauti ya duka zima. "Hawa wanaotuvisha viatu wanapumzikia chooni?"

Mwenye duka aliona haya ya mchana kweupe. Palepale akaagiza benchi liingizwe stoo, wapokezane, kila mtu na zamu yake mchana. Muda wenyewe ni mfupi, na Bwana Simama anasimama nje ya stoo anatazama saa, lakini mlango hausukumi.

Juzi nilikwenda kununua ndara, safari hii kweli. Mkwe simwoni.

"Yuko mapumzikoni," akasema dada wa kaunta.

"Mwambie mama mkwe wake amefika."

Akaingia, akatoka. "Anasema umsubiri, bibi. Hajamaliza."

Nisubiri, mimi! Mtu niliyempa mume! Nikafungua mdomo, nikamwona Bwana Simama ananitazama, anangoja nimwite mkwe wangu kwa nguvu ili apate la kusema. Nikaufunga. Nikasubiri mpaka alipotoka mwenyewe, taratibu, anafuta mdomo kwa leso.

"Haya mama," akasema, "leta mguu."