Tazama Udongo Unapotua

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kwa sababu mgongo wangu umekataa kuisahau. Kila mvua ya Machi inapopiga bati la nyumba hii, mgongo huniambia, ni ile. Nami huujibu, nyamaza, tumezeeka.

Jana ulinipigia simu kutoka mjini ukihema kama mtu aliyepanda mlima. Ulisema Jumamosi watakupima katika huo mchezo wa gofu, na ukifaulu utaacha kubeba mikoba ya wachezaji, nawe utakuwa mchezaji. Mmoja anakuambia uinue fimbo juu kabisa. Mwingine anasema usiivushe bega. Wa tatu anataka kichwa kisitikisike, na ndani ya simu yako kuna wengine tena wanaowapinga wote watatu. "Bibi," ulisema, "zamani mpira ulikuwa unakwenda. Sasa hauendi popote." Nilicheka, halafu nikachoka, halafu simu yangu ikaisha chaji. Jibu ambalo sikuwahi kukupa ni hili.

Gofu siijui. Niliiona mara moja kwenye televisheni ya dukani pale Mbinga mjini, nikamwuliza mwenye duka kwa nini watu wazima wanayachapa majani. Lakini kuinua kitu na kukishusha ardhini, hilo nimelifanya tangu ujana mpaka magoti yakanikatalia.

Mimi ni mtoto wa Lituhi, unajua. Kule ziwani shamba limelala. Tulilima matuta ya muhogo kwenye mchanga, jembe unalivuta kuja miguuni, udongo unakufuata wenyewe. Babu yako Kosmas aliponioa na kunileta huku mlimani, nilikuta shamba limesimama kama ukuta. Huku wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza katika miraba. Kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuurusha udongo juu ya nyasi, pande zote nne, hadi linabaki shimo lililozungukwa na matuta. Hiyo ndiyo ngoro. Ukisimama ng'ambo ya bonde, mlima mzima unauona kama sega la nyuki. Mvua hutulia mashimoni, udongo haushuki mtoni. Lakini tuta moja likiwa jembamba, maji hulipasua, yakaangukia shimo la chini, nalo likapasuka, na hivyo hivyo hadi bondeni.

Katika nyumba ile mke mpya alipikia kwenye jiko la mama mkwe. Hakuwa na chungu chake wala neno lake. Mama mkwe wangu, ambaye aliongea kama mtu anayeweka akiba ya maneno, alinionyesha kipande cha mteremko juu ya maharage yake, akasema, "Funga ngoro hapo. Mvua ikipita na matuta yakasimama, utapata jiko lako." Akaondoka. Hakuniambia jembe linashikwaje.

Hapo ndipo walimu walipofika, mwanangu. Ujinga wa mtu unanukia mbali, na wote wenye dawa huja.

Wa kwanza alikuwa wifi yangu Oliva, mwanamke mrefu kama mkaratusi. "Wifi, unalima au unamkuna mbuzi?" alinipigia kelele kutoka mtaroni. "Inua! Jembe lipite kichwa, lishuke lenyewe!" Nikainua. Akapita jirani yetu, Mama Ndunguru, akashika mdomo. "Mwali, unataka kujikata? Usivushe kiuno. Kokota polepole. Huyo Oliva usimsikilize, yeye hata chumvi anaitia kwenye mboga akiwa amesimama mlangoni." Nikakokota. Jioni Kosmas akaja na ushauri wake, mkono mmoja mfukoni. "Mke wangu, tatizo ni uso. Tazama juu mlimani, usiiname kama unatafuta sindano." Nikatazama juu.

Niliwatii wote. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia anayesikia la kila mkuu huvunjika nini. Pigo moja nililianza kwa Oliva, nikalikatisha kwa Mama Ndunguru, nikalimaliza nikiwa nimemtazamia Kosmas mawinguni. Usiku niligeuka kitandani kwa mafungu, kwanza mabega, kisha kiuno. Kule kwetu ziwani tunasema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini mimi sikuwa hata chombo. Nilikuwa kasia, kila mtu anavuta upande wake.

Nikamaliza kipande changu, nikapanda maharage. Mvua ikaja mchana, mvua ya mlimani, isiyo na salamu. Nilisimama chini ya upenu nikaona tuta la juu likitoa maji ubavuni kama kidonda. Nikakimbia na jembe, nikachelewa. Likapasuka, la chini yake likafuata, maji mekundu yakashuka na mbegu zangu hadi kwenye maharage ya mama mkwe, ambayo yalikuwa yameanza kuchanua, yakayalaza yote.

Mvua ilipopungua mama mkwe alipanda taratibu akiwa amejifunika mfuko wa mbolea. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akatazama mlima, akatazama maharage yake.

"Nani kakufundisha kulima hivi?"

"Wote, mama."

"Wote? Mimi sikuwamo."

Nikamweleza. Alipofika kwa Kosmas alitoa mlio puani, na hicho kilikuwa kicheko chake. Akaketi juu ya jiwe lililolowa.

"Oliva alipokuwa msichana," alisema, "aliparua ardhi kama kuku. Nilimpigia kelele kila siku, inua, inua. Leo anakupa kelele zangu. Mama Ndunguru alijikata mguu kwa kuinua sana. Umewahi kuutazama unyayo wake? Anakupa hofu yake. Na mwanangu hajawahi kufunga ngoro tangu azaliwe. Anayefyeka hupanda mlima akitazama juu, basi anadhani na wewe unafyeka. Hakuna aliyekudanganya. Kila mtu amekupa dawa ya ugonjwa wake. Wewe unaumwa nini?"

Nikaliinua jembe langu.

"Piga."

Nikapiga. Hakuitazama mikono yangu kabisa.

"Udongo umetua wapi?"

"Sijui, mama. Nilikuwa naangalia mikono."

"Basi huo ndio ugonjwa wako."

Nikapiga tena, nikatazama. Udongo ulitua miguuni pangu, kati ya nyayo, pale pale muhogo wa Lituhi ulipotaka. Juu ya nyasi ulifika kiasi cha kufunika panya mmoja. Kumbe jembe langu lilikuwa bado kwetu. Hakuna aliyeliona hilo, kwa sababu kila mmoja alitazama mwili wangu akitafuta wake.

Aliniacha nipige mpaka manyunyu yakakatika. Mguu wa chini, ule wa upande wa bonde, ulipokaa imara na kiuno kikageuka kufuata tuta, udongo uliruka ukalala juu ya nyasi, mzito, kama blanketi juu ya mtoto. Ndipo nikaelewa pia kwamba Oliva alikuwa na haki yake penye udongo mgumu, na Mama Ndunguru alikuwa na haki yake pembeni, karibu na tuta la jirani. Hata Kosmas. Hapana, Kosmas hakuwa na haki popote, Mungu amrehemu.

Mwaka ule jiko sikupata, na maharage tulinunua. Nilipika kwenye moto wa mama mkwe msimu mzima, na la jiko hakulitaja tena, jambo lililonichosha kuliko matusi. Mvua za mwaka uliofuata zilipopita na matuta yangu yakiwa yamesimama, alikuja asubuhi akiwa na jiwe la figa kichwani. Akalitua mlangoni kwangu, akarudi kuleta la pili, akarudi kuleta la tatu. Ndiyo hayo mafiga uliyoungulia kidole ukiwa mdogo.

Basi, mwanangu, nasaha yangu haina urefu. Usiwachukie wanaokushauri, wala usiwavae wote kwa pamoja. Mtu akikuambia inua, mwulize moyoni, huyu alianguka wapi? Kisha piga, uache kutazama mikono yako, utazame mpira unapotua. Mpira ukienda kushoto, umekuambia jambo. Fimbo ikichimba majani, imekuambia jambo. Mpira haujawahi kuumwa ugonjwa wa mtu mwingine. Na Jumamosi nenda na neno moja tu kichwani, lile ulilolipata mwenyewe.

Hata haya yangu yapime. Nimekupa dawa ya ugonjwa wangu, ya bibi aliyetazama mikono yake huku mlima ukishuka.

Sasa nimechoka kusema. Mungu wa babu zako akushikie mguu wa chini, akulegezee mabega, na siku utakapokosa, akupe mtu wa kupanda mlima akiwa amelowa, aketi juu ya jiwe, akuulize taratibu: umetua wapi?