Nilivyovalishwa kanga kwa sababu ya pampu ya grisi

Ndiyo, huyo kwenye picha mwenye kanga ya maua juu ya kijiko, ile mashine ya kuchimba udongo, ni mimi. Chekeni mmalize, ndipo niwasimulie.

Leo hapa Murusagamba muuzaji kutoka Nyakanazi katuletea pampu mbili za grisi tuchague moja: ya mkono na ya betri.

Bosi wetu, Mama Neema, akaipenda ya betri.

Nikamwambia, "Mama, betri ni ya wagonjwa. Mkono huu umewahi kuvuta lori kwenye tope la Mugoma, dereva amelala ndani!"

(Tena lilikuwa na mzigo wa ndizi. Waliokuwepo wapo.)

"Basi tushindane," akasema. "Wewe mkono, mimi betri. Ukishindwa unavaa kanga yangu mpaka jioni."

Nikakubali haraka. Mtu hajawahi kushika hata spana!

Jamani.

Mimi napampu upande wa kushoto wa kijiko, jasho linaingia machoni. Upande wa kulia nasikia drrr, drrr, halafu kimya. Nikajua betri imekufa, nikaanza kushangilia.

Kumbe amemaliza. Amekaa anamenya ndizi.

"Ongeza bidii, baba," ananiambia.

Nikafungwa kanga. Nikasema basi na mimi niijaribu.

Ndugu zangu, ile pampu ni tamu! Unabonyeza tu, grisi inaingia yenyewe. Fundi mwenzangu kasimama kando, anaililia zamu yake.

Wasichana waliotoka gulioni wakapita nyuma yangu: "Shikamoo, mama!"

Nikaitika marahaba. Ningegeuka kidogo tu, fundi mwenzangu angeninyang'anya pampu.